Mkono Juu ya Wote Wawili

Ayubu hakuwa akiomba mali zake zirudi. Ukisoma sura ya tisa ya kitabu chake taratibu, kama mtu anayesikiliza shauri barazani, utaona kwamba kinachomuumiza kuliko majipu, na pengine kuliko makaburi ya watoto wake, ni kukosa mahali pa kupeleka kesi yake. Angekuwa amekosana na jirani, wazee wangekaa, kila mmoja angesema lake, na neno lingekwisha. Lakini anayeshindana naye ni Mungu. Nani atamwita? Nani atakaa kwenye kiti cha katikati? Basi Ayubu anamtamani mtu ambaye hajawahi kumwona: msuluhishi anayeweza kumgusa Mungu kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine amguse mtu aliyekaa majivuni.

Wakristo wanaamini mtu huyo amepatikana. Jina lake ni Yesu wa Nazareti, na kazi yake haikukoma alipoondoka duniani: anawaombea watu mbele za Mungu hata saa hii. Imani hiyo inatajwa kila siku na kutazamwa mara chache. Mkatoliki anafunga sala zake kwa njia ya Kristo, Mpentekoste kwa jina la Yesu, Mlutheri aliikariri katika mafundisho ya kipaimara. Ukiwauliza Yesu anaomba nini huko aliko, watafikiri kidogo na kujibu. Ukiwauliza kwa nini Mungu mwenye upendo ahitaji kuombwa na Mwanawe ndipo asamehe, wengi watanyamaza. Swali hilo la pili ndilo nitakalolifuata katika sura hii, kwa sababu nimeona jinsi jibu baya linavyoharibu maisha ya sala ya watu wema.

Agano la Kale limejaa waombezi. Ibrahimu aliitetea Sodoma, akaanza na wenye haki 50 akashuka hadi 10, kwa adabu ya mtu anayejua anasema na nani, na kwa ung'ang'anizi wa mtu asiyetaka kuondoka mikono mitupu. Amosi wa Tekoa, mchungaji wa mifugo, alioneshwa nzige, kisha moto, na mara zote mbili akalia kwamba Yakobo ni mdogo, hataweza kusimama. Mara zote mbili hukumu ikarudishwa. Musa alikwenda mbali kuliko wote. Baada ya watu kujitengenezea ndama wa dhahabu chini ya Sinai, alipanda mlimani akamsihi Mungu awasamehe, na kama haiwezekani, basi na jina lake yeye lifutwe katika kitabu. Alijitia mwenyewe ndani ya hatia ambayo hakuwa na sehemu nayo.

Visa hivi vikisomwa haraka vinaacha picha moja kichwani: Mungu amekasirika, mtu mwema anamzuia. Picha hiyo ikihamishiwa kwa Yesu, Baba anakuwa mkali, Mwana anakuwa mpole, na wokovu unakuwa matokeo ya Mwana kumshinda Baba kwa machozi. Nimewasikia wahubiri wenye nia njema kabisa wakieleza hivyo mbele ya watoto wa shule ya Jumapili. Watoto wale wanarudi nyumbani wakimpenda Yesu na kumwogopa Mungu, na wengine wanazeeka hivyo.

Manabii hawatupi ruhusa ya kufikiri namna hiyo. Ezekieli, akiwa uhamishoni Babeli, anamsikia Mungu akisema kwamba alitafuta mtu mmoja tu wa kusimama mahali palipobomoka, asimame mbele zake kwa ajili ya nchi ili asiiangamize, wala asimpate. Anayetafuta hapo ni yule yule aliyekasirika. Anazunguka akimtafuta mtu wa kumzuia. Na katika Isaya 59 jambo linafika mwisho wake: Bwana anatazama, anashangaa kwamba hakuna mwombezi, na kwa kuwa hayupo, mkono wake mwenyewe unaifanya kazi hiyo. Kwangu mimi maneno hayo ya Isaya yana uzito kuliko visa vyote vya waombezi vilivyotangulia. Aliyekosewa anamtoa mpatanishi kutoka nyumbani kwake.

Ili tuone Wakristo wa kwanza walivyoisema imani hii, inatubidi tuingie hekaluni Yerusalemu katika siku moja ya mwaka, siku ya 10 ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho. Maagizo yake yamo katika Walawi 16. Lakini Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya marabi uliokamilishwa yapata mwaka 200 B.K., inaongeza mambo ambayo Torati haikuyataja, jinsi yalivyokumbukwa na watu ambao hekalu lao lilikuwa limekwisha kuteketezwa.

Siku 7 kabla, kuhani mkuu alihamishwa kutoka nyumbani kwake akawekwa katika chumba cha hekaluni. Wazee walimsomea utaratibu wa siku ile, wakamtaka ausome mwenyewe kwa kinywa chake, huenda ameusahau, au huenda hakuwahi kujifunza. Usiku wa kuamkia siku yenyewe hakuachwa alale. Akianza kusinzia, makuhani vijana walialisha vidole mbele yake, wakamwambia ainuke akanyage sakafu baridi usingizi umtoke. Kulipokucha ilianza kazi ya kuoga na kubadili mavazi: mara 5 alizama majini mwili mzima, mara 10 alinawa mikono na miguu, akibadilisha mavazi ya dhahabu kwa mavazi meupe ya kitani na kuyarudia tena.

Mavazi ya dhahabu ndiyo yaliyokuwa na kile kifuko cha kifuani chenye mawe 12, kila jiwe na jina la kabila lake. Yamehubiriwa sana, na yanastahili: kuhani anakwenda mbele za Mungu amebeba majina ya watu kifuani. Ila alipoingia Patakatifu pa Patakatifu aliyavua. Aliingia na kitani tupu, akiwa amekwisha kuchinja fahali kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, maana mwombezi huyu naye alikuwa mkosaji. Alishika chetezo cha makaa na uvumba uliopondwa laini. Nyuma ya pazia, katika hekalu la pili, sanduku la agano halikuwapo tena. Palikuwa na jiwe lililoinuka kutoka sakafuni kiasi cha vidole 3. Aliweka makaa hapo, akaumimina uvumba, chumba kikajaa moshi. Kisha akatoka na kusema sala katika chumba cha nje, sala fupi. Mishna inaeleza kwa nini ilikuwa fupi: asiwatie watu hofu. Walikuwa wakimngoja, na kila alipokawia walianza kuwaza mabaya.

Niseme neno juu ya ile kamba. Katika mikesha mingi ya maombi utasikia kwamba kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni na kengele vazini, ili akifa ndani avutwe nje. Kengele zimo katika Kutoka 28, kwenye joho la mavazi yale ya fahari ambayo, kama tulivyoona, hakuingia nayo nyuma ya pazia siku ile. Kamba haimo katika Biblia, haimo katika Mishna, wala Josephus, aliyekuwa wa ukoo wa makuhani na kuliona hekalu kwa macho yake, hakuitaja. Inaonekana katika Zohar, kitabu cha Kiyahudi cha karne ya 13, zaidi ya miaka 1,000 baada ya kuhani wa mwisho kuvuka pazia. Ningependa wahubiri waiache. Inaweka woga mahali ambapo mwandishi wa Waraka kwa Waebrania alitaka kuweka ujasiri.

Mwandishi huyo jina lake halikubaki. Origen wa Aleksandria, msomi mkubwa wa karne ya 3, alisema ni Mungu tu ajuaye nani aliyeuandika waraka ule. Lakini aliufahamu ukuhani wa Walawi, na hoja yake inaanzia kwenye kikwazo ambacho Myahudi yeyote angekiona mara moja: Yesu hakuwa wa kabila la Lawi. Alitoka Yuda, na Musa hakuwapa watu wa Yuda madhabahu. Kwa sheria hakuwa na ruhusa hata ya kushika chetezo. Mwandishi anamrudia Melkizedeki, mfalme wa Salemu anayetokea ghafla katika Mwanzo 14, anambariki Ibrahimu na kutoweka, na anaishika Zaburi ya 110 inayomtaja kuhani wa milele kwa mfano wa mtu huyo. Ni ukuhani usiopokelewa kwa ukoo na usiokatwa na kifo. Josephus alihesabu makuhani wakuu 83 kutoka Haruni hadi Warumi walipolichoma hekalu mwaka 70. Kila mmoja alivikwa mavazi yale kwa sababu aliyemtangulia amekufa au ameondolewa. Watu walimzoea mwombezi, wakamzika, wakaanza upya na mwingine.

Halafu mwandishi anatazama mkao wa mwili. Makuhani walisimama. Katika vyombo vyote vilivyoagizwa kwa ajili ya hema ya kukutania hakuna kiti cha kuhani kupumzikia, kwa sababu kazi haikuisha: kesho mwana-kondoo mwingine, mwakani mbuzi mwingine. Yesu alitoa dhabihu moja akaketi. Anayeketi amemaliza. Na bado waraka huo huo, katika sura ya 7, unasema yu hai siku zote ili kuwaombea wanaomjia Mungu kwa njia yake. Amemaliza, na bado anaomba. Itakuwaje?

Mwaka 380, katika kanisa dogo la Konstantinopoli, Gregori wa Nazianzo alilijibu swali hilo mbele ya watu waliokuwa wakisikia likigeuzwa kuwa silaha. Waliofuata mkondo wa Ario walisema anayeomba ni mdogo kuliko anayeombwa, kwa hiyo Mwana hawezi kuwa Mungu sawa na Baba. Gregori alisema kuomba kwake si kujiangusha miguuni pa Baba kama mtumwa. Mpaka sasa anao mwili alioutwaa, na akiwa mwanadamu mwenye mwili huo anasimama kwa ajili ya wokovu wetu. Karibu miaka 1,200 baadaye, Geneva, John Calvin, ambaye kwa mengine wasingeelewana na askofu yule wa mashariki, aliandika katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, mwaka 1559, kwamba tusimwazie Kristo amepiga magoti akisihi kwa mikono iliyonyoshwa. Kuwapo kwake mbele za Mungu, pamoja na nguvu ya kifo chake isiyochakaa, ndiko kuomba kwake.

Nikiisoma Injili ya Yohana naona chanzo cha wazo hilo. Mwili uliofufuka haukuponywa makovu. Tomaso aliambiwa aweke kidole mahali pa misumari. Wakristo wanaamini mwili huo huo, na alama zake, uko kwa Mungu sasa, na kwamba mwanadamu ana nafasi mbele za Mungu kwa sababu mwanadamu mmoja yuko pale tayari. Kwa hiyo Yesu hahitaji kutafuta maneno mazuri ya kumshawishi Baba.

Wengi wetu, tukijua au bila kujua, tunamwazia Yesu kama mshenga. Mshenga anatumwa na upande wa muoaji. Anafika kwa wazazi wa binti akijua watakaza, anapiga hodi kwa heshima, anatoa kishika uchumba, anabembeleza mahari ipungue, anarudi na majibu. Ustadi wake wote ni kuulainisha upande wa pili. Mfano huo unatusaidia mpaka mahali fulani, kisha unavunjika vibaya, kwa sababu huyu hatukumtuma sisi. Ametoka kwenye nyumba ile ile tuliyodhani imetufungia mlango.

Yesu mwenyewe aliliweka wazi usiku wa mwisho, mezani, kwa maneno ambayo husomwa mara chache. Katika Yohana 16 anawaambia wanafunzi kwamba wataomba kwa jina lake, na papo hapo anasema hawaahidi kwamba yeye atakwenda kumwomba Baba kwa ajili yao, kwa kuwa Baba mwenyewe anawapenda. Ukurasa mmoja mbele, sura ya 17 yote ni yeye akiwaombea kwa Baba. Anawaombea kweli, tena kwa kirefu, ila anataka wajue mapema kwamba haombi kwa sababu Baba amewakunjia uso. Paulo alishika uzi huo huo akiwaandikia Warumi: katika aya ile ile anayosema Kristo anatuombea mkono wa kuume wa Mungu, amekwisha kusema kwamba Mungu huyo hakumwachilia Mwanawe mwenyewe. Tena mistari michache juu yake ametaja kwamba Roho naye anaomba ndani ya watu wasiojua waombe nini. Kwa Paulo, mtu anayelala hospitalini asiyeweza kupanga hata sentensi moja ya sala amezungukwa na maombi pande zote, na hakuna upande ambao Mungu amekaa akisubiri kushawishiwa.

Kama ni hivyo, anaomba nini? Injili inatuonyesha ombi moja kwa karibu sana, nalo ni la Simoni Petro. Katika Luka 22 Yesu anamwambia kwamba Shetani amewataka wanafunzi wote awapepete kama ngano, lakini yeye amemwombea Petro, kwa jina, imani yake isitindike. Tazama kisichoombwa. Hakuomba Petro asijaribiwe. Hakuomba asianguke uani kwa kuhani mkuu, mbele ya kijakazi na moto wa makaa. Petro alikana mara tatu kabla jogoo hajawika, na bado ombi lilijibiwa, maana alitoka nje akalia, na baada ya Pasaka alirudi kuwaimarisha ndugu zake. Mengi tunayompelekea Yesu atuombee ni kuepushwa: mtihani usitushinde, kesi ifutwe, uvimbe usiwe saratani. Hayakatazwi, na mimi nayaomba. Ila ombi lake kwa Petro lililenga mahali pa ndani zaidi, na ninaamini watu wengi waliosema Yesu hakuwasikia walisikiwa hapo hapo bila kupatazama.

Historia ya Kanisa ina kipindi kirefu ambacho mwombezi huyu aliwekwa mbali. Sababu ya kwanza ilikuwa njema. Basili wa Kaisaria, mnamo mwaka 375, aliandika kitabu kizima juu ya Roho Mtakatifu kwa sababu watu walimlaumu kwa namna alivyomtukuza Mungu katika ibada: mara nyingine alimtukuza Baba kwa njia ya Mwana, mara nyingine pamoja na Mwana. Wapinzani walilishika lile la kwanza kuonyesha kwamba Mwana yuko ngazi ya chini. Kanisa lilisimama imara kwamba Mwana ni Mungu, na likafanya haki. Lakini katika mioyo ya watu wa kawaida, kadiri enzi yake ilivyosisitizwa, ubinadamu wake ulififia. Juu ya mlango wa kanisa kuu la Autun, Ufaransa, mafundi wa karne ya 12 walimchonga Kristo mkubwa mno, ameketi kuhukumu, na wafu wakipimwa kwenye mizani pembeni yake. Maskini aliyepita chini ya mlango ule alimwona hakimu kabla ya kumwona ndugu, akatafuta mwingine wa kumsemea.

Julai 1505 mwanafunzi wa sheria mwenye umri wa miaka 21 alikutwa na radi karibu na kijiji cha Stotternheim, Ujerumani. Katika hofu ya kufa aliyemwita ni Anna, mama yake Maria, akaahidi kuwa mtawa. Huyo alikuwa Martin Luther, ambaye baadaye alisimulia jinsi alivyokua akimwogopa Kristo kama hakimu aliyeketi juu ya upinde wa mvua. Mwaka 1530 wafuasi wake walitangaza katika Ungamo la Augsburg, kifungu cha 21, kwamba watakatifu wakumbukwe kwa mfano wa imani yao, lakini Maandiko hayafundishi kuwaomba msaada, kwa kuwa Kristo ni mpatanishi mmoja. Mtaguso wa Trento, Desemba 1563, ulijibu kwamba ni vyema na kunafaa kuwaomba watakatifu watuombee, ili tupate mema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo aliye peke yake mkombozi. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulirudia kwamba nafasi ya Maria haipunguzi wala haifuniki upatanishi wa Kristo. Tofauti ipo na siifichi: Mlutheri hawezi kusali rozari, na Mkatoliki anaona ajabu kwamba mama yake aliyekufa katika Kristo aache kumwombea. Lakini ni nyembamba kuliko wanavyodhani majirani wa Moshi au Bukoba wanaorushiana maneno juu ya sanamu. Wote wawili wamefundishwa kwamba hakuna sala inayofika isipokuwa kwa njia ya mmoja.

Jirani yao Mwislamu naye ana neno lake, shafaa, na matumaini kwamba Mtume atawaombea watu wake Siku ya Kiyama. Kurani inasisitiza kwamba hakuna wa kuombea mbele za Mungu ila kwa idhini yake. Mkristo anakubali kwamba kila kitu kinaanza na idhini hiyo, kisha anasema jambo ambalo Mwislamu hawezi kulikubali: kwamba Mungu alikuja mwenyewe. Ni vizuri tofauti hiyo isemwe kwa heshima na isemwe waziwazi.

Barani kwetu mwombezi hakuwa mgeni. John Mbiti, padri wa Kianglikana kutoka Ukambani, alieleza katika kitabu chake cha 1969 jinsi wafu wanaokumbukwa bado kwa majina walivyo na lugha mbili: wanajua ya walio hai kwa kuwa wameondoka juzi tu, na wanajua ya huko waliko. Padri Charles Nyamiti wa Tanzania alikwenda mbele zaidi. Katika kitabu chake cha 1984 alimweleza Kristo kuwa Mzee wetu aliyetangulia, kwa namna ya ndugu. Wapo waliomlaumu kwamba anamrudisha Mkristo kwenye tambiko. Mimi naona alishika kitu ambacho mahubiri mengi yamekiacha, yaani undugu. Waebrania 2 inasema Yesu haoni haya kuwaita watu ndugu zake, na kwamba ilimpasa kufanana nao katika mambo yote ili awe kuhani mwenye huruma. Mahali mfano unapokwama ni kwamba wazee waliotangulia, katika jamii nyingi, wakisahauliwa hukasirika, na mtoto akiugua watu huulizana nani hakupewa chake. Yesu hadai pombe wala kondoo ndipo akumbuke kutuombea.

Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu biashara hiyo imerudi kwa mlango mwingine. Mama mgonjwa anaambiwa maombi yake hayafiki mpaka yapite kwa mtumishi fulani, na kwa mtumishi haendi mtu bila bahasha. Kuna mafuta ya kununua, maji ya kununua, kiti cha mbele cha kununua, na namba ya simu ya kutuma sadaka ili jina lisomwe madhabahuni. Anayefanya hivyo amelishona upya pazia ambalo Injili inasema lilipasuka kutoka juu hadi chini. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unaomtaja mpatanishi mmoja kati ya Mungu na wanadamu unasema, katika aya hiyo hiyo, kwamba yeye alijitoa kuwa fidia. Aliyelipa ni yeye. Hakuna ada iliyobaki.

Aya hiyo, jambo la kufurahisha, inaanza kwa kuagiza watu waombeane, na hata wawaombee wafalme na wenye mamlaka. Mpatanishi kuwa mmoja hakukuwafunga wengine midomo. Kundi la waombezi wa parokia, bibi anayetaja majina ya wajukuu alfajiri, wanaume wanaokesha kwa mwenzao mwenye saratani: hawa hawashindani na Yesu, wanaingia katika ombi ambalo yeye analishikilia tayari.

Kuingia huko katika ombi lake kulionekana mapema sana. Katika Matendo 7, Stefano, akipigwa mawe nje ya Yerusalemu, anasema anamwona Mwana wa Adamu amesimama mkono wa kuume wa Mungu. Waraka kwa Waebrania unamwonyesha ameketi, Stefano anamwona amesimama, na wafafanuzi wengi wameelewa kwamba amesimama kumshuhudia mtu wake mbele ya Baba wakati baraza la duniani limemhukumu. Stefano anamkabidhi roho yake Yesu moja kwa moja. Kisha anapiga magoti, na neno lake la mwisho ni kuwaombea wanaomuua wasihesabiwe dhambi hiyo.

Mashahidi walikuwa wameweka nguo zao miguuni pa kijana mmoja aliyeitwa Sauli, naye alikubali kuuawa kwake. Augustino wa Hippo aliwahi kuhubiri kwamba kama Stefano asingeomba, Kanisa lisingempata Paulo. Miaka 20 na zaidi ilipita. Kijana yule, sasa mtume, aliwaandikia Wakristo wa Roma na kuuliza nani atakayewahukumia adhabu, ikiwa Kristo aliyekufa na kufufuka yuko mkono wa kuume wa Mungu na anawaombea. Aliyeuliza alikuwa amelinda nguo za wauaji huku akiombewa.